Udongo wa Mlimani na Mfereji wa Mjini

Ndugu msomaji anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro wakati wa masika, afikapo kwenye daraja la mto Ruvu na atazame chini. Ataona maji mazito, yenye rangi ya chai ya maziwa, yakienda mbio kuelekea baharini. Wengi wetu twayatazama, twasema mto umejaa mwaka huu, kisha twarudi kwenye mazungumzo yetu na kwenye mahindi ya kuchoma. Walakini ule wekundu ni udongo, na udongo ule mwezi uliopita ulikuwa shamba la mtu katika milima ya Uluguru. Mwenye shamba hatauona tena.

Mto huo huo ndio unaotunywesha. Sehemu kubwa ya maji ya mifereji ya Dar es Salaam hutoka Ruvu, kwa njia ya mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022, mvua zilipochelewa na mto ukapungua, mji wetu uliingia katika mgawo wa maji, na mfanyakazi wa Manzese akawa akiamka usiku wa manane kungoja ndoo ijae. Hatusemi kwamba ukame ule uliletwa na wakulima wa Uluguru. Mvua ni mvua. Twasema kwamba mlima uliovaa majani na miti hunywa mvua ya masika na kuitoa polepole kwa njia ya chemchemi wakati wa kiangazi, na mlima uliobaki uchi huitupa yote kwa siku moja. Kwa hiyo habari ya jinsi mkulima wa Matombo au wa Kibungo anavyolima mahindi yake si habari ya Mluguru peke yake. Ni habari ya kila mtu mwenye mfereji, na ya kila mtu anayetamani kuwa nao.

Tunayaandika haya kwa sababu kila maji yapungukapo husikika sauti zisemazo: wakulima wale waondolewe milimani; au wakamatwe, watozwe faini, mpaka watie akili. Sauti hizo nyingine hutoka kwa watu tunaowaheshimu. Nasi twasema kwamba dawa hiyo ilikwisha kunyweshwa Uluguru zamani, na mgonjwa aliitapika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilifanya mipango ya kuhifadhi udongo katika sehemu nyingi za Tanganyika: Usambara katika bonde la Mlalo, Usukuma, Upare, na Uluguru. Mpango wa Uluguru ulianza mwaka 1950. Wataalamu wa serikali waliona jambo la kweli, nalo ni kwamba udongo ulikuwa unaporomoka. Hilo hatuwakatalii. Kosa lao lilikuwa katika dawa na katika mkono ulioitoa. Kila mwenye nyumba aliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika mteremko, akakatazwa kuchoma majani, akakatazwa kulima kandokando ya vijito, na aliyekaidi alishitakiwa na kutozwa faini. Machifu na majumbe walitumwa kuhesabu matuta ya watu wao kama wahesabuvyo kodi.

Sasa, ndugu msomaji, sikiliza jambo ambalo waamuru wale hawakulisikiliza. Udongo wa upande wa mashariki wa Uluguru, pande za Matombo, katika mahali pengi ni mwembamba. Juu kuna udongo mweusi kidogo, wenye rutuba; chini yake kuna udongo mwekundu au kokoto, usiootesha kitu. Mtu akichimba ngazi pana kwa siku moja katika mteremko mkali, hufukia ule mweusi na kuuleta juu ule mwekundu. Basi akina mama walichimba, maana kazi kubwa ya jembe ilikuwa yao, wakapanda, na mahindi yakatoka ya njano, mafupi, hayakufika popote. Walipolalamika waliambiwa kwamba ni wavivu. Yupo mtu gani atakayeendelea kuchimba kwa amri kitu kinachomwondolea chakula?

Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kwa maelfu kukataa matuta. Polisi walipiga risasi, na mtu mmoja akafa. Mwaka huo huo mpango ukaachwa. TANU ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tu tangu izaliwe, na si ajabu kwamba chama kipya kilichosema kwamba mtu ana haki ya kusikilizwa juu ya shamba lake mwenyewe kilipata masikio yaliyo wazi Uluguru. Lakini yako madhara mengine ambayo hayaandikwi katika historia ya ushindi. Tangu siku hizo neno "matuta" lilinuka. Bwana shamba aliyepanda mlimani miaka mingi baada ya Uhuru akasema "matuta", wazee walimtazama kama mtu aliyetaja jina la marehemu aliyekufa vibaya.

Nasi pia, baada ya Uhuru, hatukujifunza upesi. Mwaka 1972 chama kilitangaza kule Iringa kwamba Siasa ni Kilimo, na tangazo lile lilikuwa na maarifa mengi mema ya kilimo ndani yake. Miaka michache baadaye, katika kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, wilaya nyingi ziliweka sheria ndogo za kumlazimisha kila mtu kulima ekari kadha wa kadha, na maofisa wetu, waafrika wenzetu, wakazunguka na vitabu vyao kuhesabu, mfano wa wale majumbe. Kamba ya kupimia ilikuwa ile ile; mshikaji tu alibadilika. Twalisema hili bila kuona haya, kwa kuwa gazeti la chama lisilotaja makosa ya chama halimfai mwanachama.

Katika shule ya misheni tuliyosoma, mwanafunzi aliyechelewa sala ya asubuhi au aliyesema lugha iliyokatazwa alipewa jembe. Alipimiwa sehemu ya kulima mpaka jua la saa sita. Mapadri walikuwa watu wema, na bustani yao ilikuwa nzuri kupita zote za wilaya. Lakini miaka minne ya kupokea jembe kama adhabu ilitufundisha kulichukia, na wenzetu wengi waliomaliza pale hawajalishika tena mpaka leo. Hatudhani kwamba mtu mzima wa Matombo ameumbwa tofauti na mvulana wa shule.

Hebu sasa tuondoke Uluguru, twende kusini, tufike Umatengo, katika wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Milima ya huko ni mikali kama ya Uluguru, na mvua zake ni nyingi, nazo huanguka zote katika miezi michache, tangu Desemba mpaka Aprili hivi. Wamatengo walijazana katika milima ile katika karne ya kumi na tisa walipowakimbia Wangoni, ambao walikuwa na vita visivyokwisha. Huko juu ardhi ilikuwa haba, wala hapakuwa na nafasi ya kuhama kila shamba lichokapo. Basi walibuni wenyewe kilimo kinachoitwa ngolo. Hakuna mzungu aliyewafundisha; kinyume chake, maofisa wa Kiingereza walipokikuta walistaajabu, na mmoja wao aliandika juu yake mwaka 1938 katika jarida la elimu ya nchi hii.

Ngolo hulimwa hivi. Mvua zikielekea mwisho, mwezi wa Machi, wanaume hufyeka majani yaliyoota shambani. Hawayachomi. Huyaacha yanyauke, kisha huyalaza kwa mistari inayokatana, mstari mmoja ukiufuata mteremko na mwingine ukiukata, hata shamba lote likawa na miraba kama ubao wa bao uliochorwa na mtu mwenye subira. Kila mraba una upana wa kiasi cha meta moja na nusu hadi mbili. Halafu huja wanawake na majembe. Huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuutupa juu ya majani yaliyolazwa, pande zote nne. Hivyo majani huzikwa ndani ya matuta na kuoza humo humo kama mboji, na katikati hubaki shimo. Ukisimama ng'ambo ya bonde ukatazama, mlima mzima waonekana kama sega la nyuki.

Maharage hupandwa juu ya matuta wakati huo huo, yakavunwa kiangazi kinapoingia. Mwezi wa Desemba, mvua mpya zikianza, mahindi hupandwa katika matuta yale yale. Palizi hutupwa mashimoni, na udongo uliochukuliwa na maji huangukia mashimoni, wala hauendi mbali zaidi. Mvua kubwa ikinyesha kila shimo hushika maji yake; hakuna tone linalopata nafasi ya kukimbia meta kumi na kukusanya wenzake. Maji hayo huzama taratibu katika ardhi. Mahindi yakishavunwa, shamba hupumzika kidogo na majani huota. Kisha Machi ikirudi kazi huanza upya, lakini matuta mapya na mashimo mapya hayarudi mahali pale pale: shimo jipya huchimbwa palipokutana matuta ya zamani. Kwa njia hiyo udongo wenye mboji huchanganywa na kutawanywa mwaka hadi mwaka, na mashamba mengine yamelimwa hivi kwa vizazi kadhaa bila kuporomoka.

Angalia tofauti, ndugu msomaji. Kazi ya ngolo si nyepesi kuliko kazi ya matuta ya Matombo. Yaweza kuwa nzito zaidi. Lakini Mmatengo anaifanya kwa kuwa huvuna maharage ya mwaka ule ule, na kwa kuwa aliyemfundisha ni mama yake.

Hatutaki hata hivyo kuipamba ngolo kupita kiasi. Mzigo wake mkubwa uko mgongoni mwa wanawake, na binti aliyesoma hadi kidato cha nne hana haraka ya kuurithi. Bei ya kahawa ilipoyumba katika miaka ya 1990 na mbolea ikawa ghali, watu wengi wa milimani waliteremkia misitu ya miombo iliyo chini, ambako ardhi ni tambarare zaidi na kilimo ni cha kufyeka na kuchoma. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Japani, walikaa Umatengo miaka mingi wakijifunza jambo hili pamoja na wanavijiji, na mwaka 1999 chuo kikaanzisha kituo chake cha maendeleo ya vijijini kilichotokana na kazi hiyo. Twapenda kuona wasomi wakienda kujifunza kwa mkulima kabla ya kumfundisha. Ni adimu.

Wala ngolo haiwezi kuchukuliwa kama mzigo ikatuliwa Uluguru. Uluguru yafaa kutafuta yake, na kwa kweli anayo. Wazee wa Mgeta, upande wa magharibi wa mlima, walikuwa na ngazi zao ndogo tangu zamani: mkulima huanza chini ya mteremko, hukata majani na kuyafukia kwa udongo wa hatua inayofuata, akapanda hivyo mpaka juu. Huko huko Mgeta, watu wanaolima mboga kwa ajili ya soko la Dar es Salaam na kuzitilia samadi hutunza ngazi zao bila kuhimizwa na mtu, kwa sababu kabichi na karoti hulipa jasho. Hapo ndipo pana siri ya mambo yote. Ngazi isiyo na samadi wala soko ni kaburi la rutuba. Yenye samadi na soko, mwenyewe hulala akiiwazia.

Na kwa yule asiye na samadi, aliye na udongo mwembamba? Ipo njia ambayo Afrika Mashariki yote yaiita kwa jina la Kiswahili: fanya juu. Jina hili lilienea hasa kutoka Machakos, Kenya. Wakamba nao walikuwa wameonja amri za wakoloni; mwaka 1938 waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kwa ajili ya ng'ombe wao waliokuwa wakichukuliwa kwa nguvu, kwa madai kwamba walikuwa wakiharibu ardhi. Baada ya Uhuru watu wale wale walichimba makinga maji kwa hiari katika vikundi vyao vya mwethya, mpaka vilima vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vikarudi kulimwa, ingawa watu walikuwa wamezidi mara nyingi.

Ufundi wake ni mdogo. Mkulima huchimba mfereji unaoukata mteremko kwa usawa, asishuke wala asipande, na udongo wake huutupa upande wa juu uwe tuta. Juu ya tuta hupanda mabingobingo au majani mengine ya kukatia mifugo. Basi. Hachimbi zaidi. Kazi ya kulisawazisha shamba huachiwa mvua zenyewe: kila mwaka zinateremsha udongo kidogo, tuta linauzuia, na baada ya miaka kadhaa pamekuwa na ngazi ambayo hakuna aliyeichimba, na udongo mweusi umebaki juu. Wakoloni walitaka ngazi ile ile ipatikane kabla ya ziara ya ofisa wa wilaya. Na mahali ambapo udongo ni mwembamba mno hata mfereji hauchimbiki, mkanda wa majani uliopandwa kwa usawa, au mabua ya mahindi yaliyolazwa katika mstari huo huo, hutosha kuanzia.

Usawa huo hupimwa kwa kifaa cha fito tatu zilizofungwa mfano wa herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Kamba ikigusa alama ya katikati, miguu miwili ya fito iko sawa. Mtoto wa darasa la tano aweza kukitumia. Gharama yake ni nusu saa.

Yapo na mengine ambayo hatuna haja ya kuyasema kwa urefu, maana kila bwana shamba ayajua: kuchanganya mahindi na mbaazi au kunde ili udongo ufunikwe na kurutubishwa, kuacha mabua shambani badala ya kuyatia moto. Juu ya moto twataka kusema neno moja kwa wafanyakazi wa mjini. Wengi wetu tuna vishamba huko nyumbani. Twaenda likizo ya siku ishirini na nane, twataka shamba lifunguliwe upesi, twamlipa kijana, naye hutia kiberiti. Kisha twarudi mjini kulalamika juu ya mfereji mkavu.

Mlima ukiachwa hulipiza. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilinyesha Mgeta, na maporomoko ya ardhi zaidi ya elfu moja yakatokea katika eneo hilo kwa siku moja. Wataalamu waliokwenda kuyahesabu waliona kwamba mengi mno yalitokea katika mashamba na katika nyika za majani; palipokuwa na msitu yalikuwa machache sana. Kwa sababu hiyo hatuna huruma na anayeuingilia msitu wa hifadhi ulioko vileleni. Hapo sheria ifanye kazi yake. Lakini shamba la mtu si msitu wa hifadhi.

Linabaki jambo moja, nalo ndilo gumu. Kuchimba fanya juu huchukua siku nyingi za kazi, na mkanda wa majani hula sehemu ya shamba dogo. Faida huja baada ya misimu miwili au mitatu, njaa haingoji. Tena Waluguru hurithi ardhi kwa ukoo wa mama, na wengi hulima ardhi ya kuazima kwa ukoo mwingine, ambamo mwazimaji haruhusiwi kupanda miti ya kudumu. Mtu wa namna hiyo atamchimbia nani makinga maji? Mkazi wa mjini hupokea maji, mtu wa mlimani hupokea malengelenge.

Mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianza mpango wa kuirekebisha hesabu hii katika vijiji vya Kibungo Juu, kwenye vijito vinavyoulisha Ruvu. Wakulima waliokubali kuchimba makinga maji, kupanda miti na kuacha kuchoma, walilipwa kwa kadiri ya eneo walilolitengeneza, na miongoni mwa walipaji lilikuwamo shirika la maji la Dar es Salaam la wakati ule, DAWASCO. Malipo yalikuwa madogo. Walakini lilikuwa jambo jipya katika nchi yetu kwamba mjini kukubali deni lake kwa mlimani, na kulilipa kwa fedha badala ya kulilipa kwa askari.

DAWASCO haipo tena. Tangu mwaka 2018 kazi yake imo mikononi mwa DAWASA. Ipo pia Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao Morogoro, ambayo hupokea ada kwa kila anayechota kwa wingi katika mto ule. Bwawa la Kidunda nalo linajengwa, na litagharimu fedha nyingi za wananchi; nalo, kama mabwawa yote, litajaa maji au litajaa udongo kwa kadiri ya yanayotendeka juu yake. Kwa hiyo twawaomba wanachama wa Dar es Salaam na wa Pwani, katika mikutano ya matawi itakayofanyika kabla ya masika, waulize swali hili kwa viongozi wao na jibu liandikwe katika kumbukumbu: katika kila shilingi mia tunayolipia maji, ni senti ngapi hupanda kurudi Matombo na Kibungo, na zikifika huko humfikia nani, mwenye jembe au mwenye gari?